Pipa la Mstari Mwekundu

Rukia mwanangu,

Umekwenda Kaole kumuaga shangazi yako na umesema utarudi baada ya magharibi. Sasa ni alasiri. Bibi yako amejinyoosha ukumbini, nami nimekaa uani kwenye kigoda na daftari lako la zamani la hesabu, lile lililobaki na kurasa tupu katikati. Mambo ya safari tumeyasema mpaka umeyachoka: begi, barua ya chuo, kadi ya bima, nani wa kumwamini stendi na nani wa kumpita. Sitayarudia. Ninaloandika ni jambo ambalo mimi na wewe hatujawahi kulitamka, na mwaka huu linatimiza miaka sita.

Juzi nilipokuambia kwamba kesho utapanda gari la Msata, kisha pale ubadilishe upande basi la Korogwe, uliacha kukunja shuka lako. Halafu ukauliza, "Mama, siwezi kwenda Dar kwanza nikapanda la moja kwa moja?"

Nikakuambia, "Urudi kusini ili uende kaskazini?"

Ukacheka, ukasema unatania. Hukuwa unatania. Pale Msata yupo Mzee Kondo, anauza samaki wakavu kwenye madirisha ya mabasi, na wewe hutaki kusimama mahali atakapokuona. Aliyekufanya uwe hivyo ni mimi. Ndiyo maana naandika.

Baba yako alifia Chalinze, kwenye benchi la muuza chai, siku aliyopeleka mzigo wa chuma chakavu. Waliokuwa naye walisema aliomba maji, akaletewa, akabaki ameshika kikombe mkononi. Walimrudisha kwa lori lile lile alilokwenda nalo. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne. Nakumbuka ulikaa mlangoni ukiwahesabu watu wanaoingia, na nilipokuuliza kwa nini, ukasema baba angetaka kujua walikuja wangapi.

Baada ya mazishi nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya ua huu, nguo nyeupe, bila manukato, bila kutoka, bila kuzungumza na mwanamume asiyekuwa ndugu. Kabla ya hapo nilikuwa nauza samaki wa kukaanga sokoni, na mikono yangu haijui kukaa. Wiki ya kwanza nililia. Wiki ya pili nililala. Wiki ya tatu nikaanza kuangalia chuma cha baba yako.

Unakumbuka ua ulivyokuwa. Rundo lilifika nusu ya ukuta: mapipa, ringi za magari, friji mbili zisizo na milango, fremu za baiskeli, mabomba ya ekzosi, makopo ya siagi yaliyojaa nati na bolti alizozipanga kwa ukubwa. Alikuwa hanunui chuma mpaka akigonge kwa kifundo cha kidole na kukisikiliza, kama mtu anayebisha hodi. Watu walimcheka. Mimi pia nilimcheka. Sasa nafanya hivyo hivyo na sijui nimeanza lini.

Wakati huo Mzee Kondo alikuwa mchuuzi wa samaki hapa Dunda. Alikuwa na baiskeli yenye tenga nyuma, anapita nyumba kwa nyumba tangu asubuhi, na mtaa mzima ulijua kengele yake. Baba yako alipofariki, alianza kuacha samaki getini kwetu, vibua na wale wadogo wadogo, kila siku fungu moja. Hakuingia kwa sababu ya eda. Alisimama nje, akapiga hodi, akampa bibi yako beseni, akasema, "Wa mtoto hao, mama," kisha akaendelea. Hakutaka chochote. Alisema baba yako Salehe aliwahi kumtengenezea baiskeli usiku wa kuamkia Idi, akakataa malipo.

Samaki walikuwa wengi kuliko tulivyoweza kula. Hatukuwa na friji inayofanya kazi, licha ya zile friji mbili zilizokuwa uani. Nikakumbuka jinsi marehemu mama yangu alivyokausha samaki kwa moshi, kwenye shimo lenye chanja juu, akiwa ameinamia moshi mpaka macho yanavimba. Nikasema mimi nitatengeneza kitu kilichofunikwa, chenye bomba la kutolea moshi, na nikimaliza eda nitakuwa na kazi ya kufanyia nyumbani.

Fundi wa kuchomelea nisingeweza kumwita, maana ni mwanamume. Kutoka kwenda kununua kitu nisingeweza. Kwa hiyo kila nilichohitaji kilipaswa kiwe humu ndani ya ua, na kila kilichopaswa kushikana nilikishika kwa bolti, kwa waya wa kufungia nondo au kwa udongo. Bibi yako alikuwa akinitazama kutoka ukumbini.

"Asha, wenzio wanakaa eda na tasbihi. Wewe unakaa na nyundo."

"Tasbihi nimeshamaliza, mama."

"Basi anza upya. Majirani watasema mwanangu hajaoza, mkewe ameshafungua gereji."

Wewe ulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza nakusikia ukicheka tangu msiba, nikaona kazi hii ina heri.

Sasa nakuja kwenye pipa.

Mapipa yalikuwa manne. Matatu yalikuwa na kutu, moja chini limetoboka kabisa. La nne lilikuwa zima, gumu, na kifuniko chake kinakaa vizuri. Lilikuwa na mstari mwekundu wa rangi kiunoni, kuzunguka lote. Nililigonga, likalia safi. Nikalivingirisha katikati ya ua na kuanza kulikata mlango kwa tindo na nyundo.

Ulikuja kutoka shule ukiwa bado na mkoba mgongoni. Ukasema, "Mama, hilo baba alisema lisiguswe. Lenye mstari lilikuwa na dawa. Mimi ndiye niliyemshikia kopo la rangi."

Sikusahau hata neno moja, unaona. Ulisema lilitoka kwenye shamba la mikorosho, lilikuwa na dawa ya kupulizia, na baba alitaka kulipeleka Dar pamoja na mengine ya namna hiyo.

Nami nikakujibu nini? Nikakujibu, "Baba yako alikuwa anaogopa kila kitu. Na baba yako hayupo."

Ukaenda kubadili sare.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi nikigeuza samaki. Siwezi kusema nilikuwa nimechanganyikiwa na msiba, ingawa watu wangekubali nikisema hivyo. Nilikuwa na hasira kwamba wewe unajua kitu cha mume wangu ambacho mimi sikijui. Alikufundisha wewe alama zake, mimi hakunifundisha, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Niliona haya, na haya ile ikatoka kama ubabe. Siku hizi nikiona nataka kumkatiza mtu aliye mdogo kwangu, huwa najiuliza kwanza kama amekosea au amenitangulia tu.

Nililiosha lile pipa kwa sabuni na mchanga mara mbili, nikaliacha juani siku nzima. Likawa linang'aa ndani. Nikaliweka juu ya ringi mbili za lori ili moto ukae chini. Chanja nilizitoa kwenye friji, zile trei za waya, zikaingia kama zilipimwa. Spoku za baiskeli nikazipinda zikawa kulabu. Bawaba za mlango nilizitoa kwenye kabati la jikoni lililovunjika. Bomba la moshi lilikuwa ekzosi, nikalikalisha juu ya kifuniko na kuziba kwa udongo wa kichuguu niliokuwa nakutuma ukaniletee na ndoo. Ulileta. Hukusema tena chochote kuhusu mstari, na mimi nilichukulia kwamba umekubali.

Siku ya kuliwasha, makumbi ya nazi yalishika, moshi ukapanda kwenye bomba moja kwa moja kama nilivyotaka. Lakini ulikuwa na harufu. Ukali fulani unaokaa kooni. Bibi yako aliita kutoka ndani, "Harufu gani hiyo, Asha?" Nikasema ni rangi ya nje inaungua. Nikasema hivyo kabla sijajiuliza. Nikawapanga vibua ambao Mzee Kondo aliwaleta saa nne asubuhi ile ile, mashavu yakiwa bado mekundu, nikafunga mlango.

Siku ya pili yake ilikuwa Alhamisi, siku ambayo akina mama wa mtaa walikuwa wakija baada ya adhuhuri kumsomea marehemu. Niliwapikia mihogo ya nazi, na wale samaki wa moshi nikawaweka kwenye sinia. Walisifu rangi. Kweli walikuwa na rangi nzuri, kama dhahabu iliyochujuka. Mimi nilikula kidogo. Bibi yako alikula sana. Wewe ulikuwa unapitisha maji ya kunawa, na mama mmoja akakuambia, "Rukia, kaa ule, mwanangu, umekonda." Ukasema umeshiba. Ulikuwa hujala tangu asubuhi.

Hapo nilijua. Nataka uelewe kwamba sikujua baadaye. Nilijua wakati ule ule, beseni likiwa mikononi mwako, nami sikusema "Jamani, msile."

Kabla ya alasiri bibi yako alianza kutapika, kisha akina mama watatu, kisha mimi. Walikwenda hospitali, wakawekewa maji, na wote walirudi nyumbani siku iliyofuata wakiwa wazima. Allah alituhurumia. Mimi nilikataa kwenda. Nilisema niko eda.

Bibi yako alipokuwa kitandani, amedhoofika, aliniuliza, "Wale samaki walikuwa wa lini?"

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa nimekaa karibu naye, ninamfuta uso. Badala yake nikasema, "Labda walilala."

Neno moja hilo. Sikumtaja mtu. Nilijiambia kwamba sikumtaja mtu. Lakini samaki waliolala wana mwenyewe, na kila mtu alimjua. Ulikuwa umesimama mlangoni na kitambaa cha maji. Ulinitazama. Sijasahau ulivyonitazama, kwa sababu hukukasirika. Ulikuwa unangoja nimalizie.

Kesho yake niliangusha lile pipa, nikalipondaponda kwa nyundo, tukachimba shimo nyuma ya choo mimi na wewe, tukalifukia. Tulifanya kazi hiyo muda mrefu na hatukusemezana zaidi ya "shika huku" na "vuta". Ungekuwa mtu mzima ungeniuliza. Ulikuwa mtoto na mama yako yuko katika nguo nyeupe, ungeniuliza nini?

Mzee Kondo alikuja siku ya tatu. Tulisikia kengele, kisha hodi. Akasema kwa sauti ya utani, "Mama Rukia! Nasikia samaki wangu wameua watu huku. Nimekuja nizikwe nao."

Nilikuwa uani, hatua kumi kutoka getini. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mabati tu. Sikujibu.

Akasema tena, "Mama Rukia, wale samaki niliwapokea alfajiri. Saa nne walikuwa kwako. Niambie mwenyewe, uliwaona wamelala?"

Bibi yako alijikongoja mpaka getini. "Kondo, baba, nenda. Mtu aliye eda hajibizani na wanaume."

"Najua, mama. Basi akwambie wewe, wewe uniambie."

Bibi yako akageuka kunitazama. Nikatikisa kichwa na kuonyesha nguo zangu, kama mtu anayezuiwa na dini.

Mwanangu, nimefanya makosa mengi na mengi yamenitoka kama maji yanavyomwagika. Hilo halikunitoka. Hilo nilichagua. Eda ni ibada, ni heshima ya marehemu, ni pumziko la mjane, na mimi niliichukua nikaitumia kama mlango wa kujifungia. Hakuna sheria iliyonizuia kumnong'oneza bibi yako maneno mawili. Hata mwenyewe, kwa haja ya haki kama ile, ningeweza kusema naye kupitia ukuta. Nilijua. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini chuo cha Kurani nilikaa miaka mingi.

Nilisikia akipangusa kengele, au labda niliwaza tu. Kisha akaondoka, na hakupiga tena hodi kwetu.

Yaliyofuata unayajua kwa sababu uliyasikia njiani ukienda shule. Wakampa jina, Kondo Walilala. Akipita, mwanamke anatoa kichwa dirishani: "Kondo, leo wamelala saa ngapi?" Mwingine anajibu upande wa pili, "Muulize kama wamekoroma!" Watu walicheka bila nia mbaya. Wanawake walewale waliougua ndio waliocheka zaidi, maana walikuwa wamepona. Lakini hawakununua. Mwezi wa tatu wa eda yangu sikusikia tena kengele mtaani. Wakasema ameanza kukausha samaki na kuwapeleka Msata kwa abiria.

Nilipotoka eda nikatengeneza jiko la pili, hili ninalolitazama sasa. Safari hii nilikwenda mwenyewe kwa watu waliokuwa wakimuuzia baba yako, nikauliza kila pipa lilibeba nini, na aliyesema "sijui" nikamwachia la kwake. Nikapata la mafuta ya kula kutoka kwa mtu wa mgahawa. Nikaliunguza tupu kwa moto mkali mara tatu mpaka rangi yote ikabanduka, nikalisugua, nikaliunguza tena. Fundi akaja akachomelea miguu. Ringi, trei, spoku na ekzosi ni vile vile, nilivisugua na kuviunguza navyo. Unajua linavyofanya kazi, umeliwasha mara nyingi kuliko mimi. Moto mdogo, makumbi yaliyolowa kidogo, mlango usifunguliwe kila dakika.

Na unajua watu walivyosema. "Samaki wa Mama Rukia hawalali." Walikuwa wananisifu. Kila aliponisifu mtu, alimpiga Mzee Kondo kibao, nami nilikuwa nafunga samaki kwenye gazeti na kusema asante. Umesoma kwa jiko hilo. Sitaki ulionee haya, jiko halina kosa, na kazi yake ni halali. Lakini sitaki pia usimuliwe siku moja kwamba mama yako aliinuka kwa jasho lake tu.

Nilikuwa nikijiambia nitakwenda kwake. Kwanza nilisema baada ya eda. Kisha baada ya mfungo. Kisha nikasema ameshazoea Msata, nikienda nitamtonesha. Kosa usipolisema mapema, linaanza kukupa sababu nzuri za kutolisema. Nimeishi nazo miaka sita na sijawahi kukosa hata moja ya kutumia. Zilikwisha juzi ulipotaka kwenda Dar ili ufike Korogwe. Nilikuangalia ukikunja shuka lako, mtu mzima wa miaka ishirini, nikaona umebeba mzigo wangu na umepanga kuuzungusha nchi nzima.

Kwa hiyo leo asubuhi, nilipokuambia nakwenda sokoni, nilikwenda kwa Mzee Kondo. Nilijua yupo, huwa anakuja kwa Bi Hawa mwanzo wa wiki. Bi Hawa ndiye mkewe mkubwa, yule mrefu wa nyumba ya karibu na kisima. Nilimkuta uani amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mzee Kondo alikuwa anaziba tyubu ya baiskeli.

"Shikamoo Mzee Kondo. Shikamoo Bi Hawa."

"Marahaba. Ee, Mama Rukia! Mwenye samaki wasiolala," Bi Hawa akasema. "Umepotea njia?"

Sikukaa. Nilisema nimesimama, kwa sababu ningekaa ningeanza kuzunguka. Nikasema, "Mzee Kondo, samaki wako hawakulala. Pipa langu lilikuwa na sumu, niliambiwa nikapuuza, na nilipoona watu wanaugua nikakusingizia wewe. Ulipokuja getini nilikusikia."

Aliendelea kushikilia ile tyubu. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani, akamtazama mkewe.

"Unasikia, Hawa? Hawakulala."

"Nasikia."

Akaniambia, "Mama Rukia, mimi mwenyewe niliamini. Unaelewa? Ulipokataa kunijibu nilisema basi kweli, huyu mama mwenye msiba hawezi kunionea. Nikasema pua yangu imekufa. Mpaka leo nanusa samaki mmoja mara tatu. Vijana wa Msata wananiita Mzee wa Kunusa."

Nilifikiri nimejiandaa kusikia lolote. Hilo sikuwa nimeliandalia mahali.

Kisha akauliza, "Na mtoto? Yule Rukia?"

"Alijua tangu siku ile. Ndiye aliyenionya."

"Loo." Akaweka tyubu chini. "Ndiyo maana. Mara mbili nimemwona stendi pale, anageukia ukutani. Mimi nikajua ananiona mchafu, harufu ya samaki. Nikawa nahamia upande wa pili wa basi nisimkere."

Kwa hiyo, mwanangu, nyinyi wawili mlikuwa mnakimbiana kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayechukizwa. Kesho alfajiri anarudi Msata; ukishuka pale, mwamkie. Huna la kumweleza, nimeshaeleza. Ukipenda nunua samaki wake, ukipenda usinunue. Ila usiende ukutani.

Nilidhani imekwisha. Nilikuwa nafikiria namna ya kuaga. Bi Hawa alikuwa hajaacha kukuna, hata mara moja, na sasa akaacha.

"Mama Rukia, unajua kwamba huyu ameoa Msata?"

"Nilisikia, Bi Hawa."

"Hukusikia. Wewe ndiye uliyemwoza."

"Hawa," Mzee Kondo akasema, "mambo ya ndoa ni riziki."

"Nyamaza wewe na riziki yako! Riziki ilikuwa hapa hapa Dunda, ina kengele na tenga. Nani alikuwa na haja ya kulala Msata? Alilala kwa sababu ya samaki wasiolala." Akanigeukia. "Miaka mitano nalala nusu ya wiki peke yangu. Nilikuwa namlaumu yeye, namlaumu yule binti wa watu, nikamlaumu hata marehemu mama yangu kwa kuniozesha mchuuzi. Kumbe mwenye kulaumiwa tunasalimiana sokoni."

Nilikuwa nimekwenda kumwomba radhi mtu mmoja, na niliyemdhulumu zaidi alikuwa amekaa pembeni anakuna nazi. Katika miaka yote sita, katika kupanga kwangu kote nitasema nini na nitaanzaje, sikuwahi kumweka Bi Hawa hata mara moja. Nilimwita "mkewe" tu.

Mzee Kondo akasema, "Mimi nimesamehe, Mama Rukia. Salehe alikuwa mtu wangu."

Nikamtazama Bi Hawa. Akasema, "Usiniangalie mimi. Yeye ametoa cha kwake. Mimi sina leo."

"Nije lini, Bi Hawa?"

"Sijui. Wewe uliponyamaza miaka sita, nani alikuuliza lini?"

Alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. Alhamisi akina mama watakapokuja kusoma nitawaambia na wao, wote, mbele ya bibi yako. Wewe utakuwa umeshaondoka, na nisingependa yakufikie kwa simu kutoka kwa mtu mwingine. Inawezekana wateja watapungua. Inawezekana nipewe jina mimi sasa. Usirudi kwa sababu hiyo, wala usitume mtu kunitetea. Nitakaa hapa hapa na jiko langu, nitapita mtaa huu huu.

Sikuandika haya unisamehe, Rukia. Uliponitazama pale mlangoni ukiwa na kitambaa cha maji, ulikuwa unangoja nimalizie sentensi. Nimeimalizia, nimechelewa, ndiyo hiyo. Kama huna la kunijibu kesho asubuhi tutakapobeba begi kwenda kupandia gari, usitafute. Beba upande mmoja, mimi nibebe mwingine.

Nilipotaka kutoka pale, Bi Hawa aliniita. "Unakwenda wapi? Mtu haondoki kwangu koo kavu." Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa, akaniwekea kigoda mbali kidogo na chake, kisha akarudi kukuna nazi bila kunisemesha. Chai haikuwa na sukari. Kopo la sukari lilikuwa pale, karibu na mguu wake. Nikainywa yote.

Mama yako,
Asha